Johannesburg: Umaridadi wa samani zilizochakaa

Katika maduka ya samani za kale mjini Johannesburg, kabati lililobanduka rangi kwenye pembe, kiti chenye mikono iliyosuguliwa na miaka na birika la bati lenye kovu huwekwa mbele, penye mwanga, mahali ambapo wauzaji wengine wangeweka bidhaa mpya. Mnunuzi haombi apunguziwe bei kwa sababu ya makovu hayo. Ameyafuata makovu yenyewe.

Huu ni mtindo wa kupamba nyumba unaopenda rangi zilizofifia, mbao zinazoonyesha umri wake, vitambaa vya pamba na kitani vilivyofuliwa mara nyingi, sahani zisizolingana na vyuma vyenye kutu kidogo. Jina lake la Kiingereza linaunganisha maneno mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja, uchakavu na umaridadi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako kochi jipya linaweza kukaa sebuleni miezi kadhaa likiwa bado na nailoni ya kiwandani, jambo hili linaweza kuonekana kichekesho. Hata hivyo, katika mji wa Johannesburg mtindo huo umekutana na historia nzito ya nyumba, ya watu waliohamishwa kwa nguvu na ya vyombo walivyoweza au wasivyoweza kuondoka navyo. Umekutana pia na hatari ya kiafya ambayo wapambaji wengi hawaijui.

Asili yake

Chimbuko la mtindo huu ni nyumba kubwa za mashambani nchini Uingereza, ambamo samani zilirithiwa kizazi hadi kizazi na wenyewe hawakuona haja, au hawakuwa na fedha, za kuzibadilisha. Kitambaa cha kiti kilififia kwa jua la dirishani, rangi ya mlango ikabanduka penye kitasa, na hakuna aliyejali.

Mwaka 1989 mwanamke mzaliwa wa Uingereza, Rachel Ashwell, alifungua duka katika mji wa Santa Monica, California, akaliita Shabby Chic. Aliuza samani alizookota katika magulio ya vitu vilivyotumika, na makochi yaliyovikwa mifuko mipana ya kitambaa cheupe inayoweza kuvuliwa na kufuliwa. Mantiki yake ilikuwa ya mama mwenye watoto wadogo, kwamba kochi lisilofulika ni kochi la kumkataza mtoto asikae. Jina la duka likawa jina la mtindo mzima.

Mwaka uliofuata, 1990, Mwingereza mwingine, Annie Sloan, alitengeneza rangi isiyong'aa, yenye mguso unaofanana na chaki, ambayo hushika juu ya samani kuukuu bila kulazimu kwanza kupiga msasa wala kupaka rangi ya msingi. Kazi iliyokuwa ya fundi ikawezekana kufanywa na mtu wa kawaida barazani kwake kwa siku moja. Magazeti ya mapambo ya nyumba yalifanya yaliyobaki, na kufikia miaka ya 2000 mtindo huo ulikuwa umeenea katika miji mingi ya dunia, Johannesburg ikiwamo.

Mji mchanga, nyumba kuukuu

Johannesburg si mji wa kale. Ulianza mwaka 1886, baada ya dhahabu kugunduliwa katika shamba la Langlaagte, na katika miaka ya mwanzo kila kitanda na kila kioo kilifika kwa mikokoteni iliyokokotwa na ng'ombe. Reli kutoka Rasi ilifika mwaka 1892. Ukilinganisha na Mombasa, Lamu au Kilwa, huo ni mji wa juzi.

Lakini ndani ya muda huo mfupi ulijenga sana. Katika mitaa kama Melville, Kensington, Troyeville, Brixton, Yeoville na Mayfair zimebaki nyumba nyingi za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zenye paa za mabati, baraza mbele, sakafu za mbao za msonobari wa Oregon zilizoletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kaskazini, na dari za bati la chuma lililogandamizwa nakshi za maua na pembe. Baadhi ya mitaa hiyo inafahamika vyema kwa wasemaji wa Kiswahili. Yeoville imekuwa makazi ya Wakongo na Waafrika wengine wengi tangu miaka ya 1990, na Mayfair ni kitovu cha Wasomali. Mpangaji aliyetoka Bukavu au Nairobi huenda analala chini ya dari ambayo mpambaji wa kitongoji cha kitajiri angeitafuta kwa udi na uvumba.

Juu zaidi, kwenye ukingo wa mwamba wa Parktown, matajiri wa migodi walijenga majumba makubwa. Msanifu majengo Herbert Baker, ambaye baadaye alisanifu Majengo ya Muungano mjini Pretoria, alijenga huko nyumba yake mwenyewe ya mawe, Stonehouse, mwaka 1902. Mengi ya majumba ya Parktown hayapo tena. Hohenheim, ambayo Percy FitzPatrick, mwandishi na mwanasiasa, aliwahi kuishi, ilibomolewa ili kupisha hospitali kuu ambayo leo inaitwa Charlotte Maxeke. Mengine yalipisha barabara kuu na maofisi.

Kila bomoabomoa iliacha vitu. Milango, vioo vya rangi, mahodhi ya kuogea ya chuma yenye miguu iliyochongwa, meko, vitasa vya shaba na mapande ya dari yaliishia kwa wafanyabiashara wanaonunua mabaki ya majengo na kuyauza upya. Ndiyo sababu mtu anayetaka kupamba kwa mtindo huu mjini Johannesburg hana haja kubwa ya kuagiza uchakavu kutoka nje. Upo wa kutosha papo hapo.

Tatizo ni kwamba soko hilo hilo laweza kuwa sababu ya kuharibu nyumba ambazo bado zimesimama. Dari iliyong'olewa kutoka nyumba moja ili igeuzwe fremu ya kioo katika nyumba nyingine ni hasara iliyovaa nguo ya mapambo. Sheria ya Taifa ya Rasilimali za Urithi, namba 25 ya mwaka 1999, inakataza kubadilisha au kubomoa jengo, au sehemu ya jengo, lenye umri unaozidi miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo, na tafsiri ya jengo katika sheria hiyo inajumuisha vitu vilivyofungwa ndani yake. Nyumba iliyojengwa mwaka 1930, hata kama ni ya kawaida kabisa, imo ndani ya ulinzi huo. Mnunuzi makini humuuliza muuzaji dari imetoka wapi, na jengo hilo limekuwaje.

Umaskini uliogeuzwa pambo

Jambo moja husahauliwa katika magazeti ya mapambo. Vingi kati ya vitu vinavyosifiwa leo kwa sura ya uzee vilikuwa vitu vya watu wasio na uwezo.

Katika Afrika Kusini ya zamani mafuta ya taa yalisafirishwa yakiwa katika madebe mawili mawili ndani ya sanduku la mbao nyepesi. Sanduku lilipokwisha kazi likawa kiti, rafu, kabati la vyombo au meza ya kitandani, na debe likawa la kuchotea maji. Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa habari ya debe. Leo rafu za mbao ghafi zenye herufi za chapa zilizofifia zinauzwa kama pambo, na mahali ambapo masanduku ya kweli hayapatikani, mafundi hutumia mbao za paleti za bandarini na viwandani, wakichapa juu yake herufi za bandia.

Vivyo hivyo kwa vikombe na sahani za bati zenye rangi ya kauri. Kwa aliyekulia navyo, alama nyeusi pale rangi ilipobanduka ni kumbukumbu ya chombo kilichoanguka na kugombezwa. Hakuna ajabu kama mama wa Soweto aliyelelewa kwenye nyumba ya vyumba vinne, zile zilizojengwa kwa maelfu na serikali katika miaka ya 1950, haoni fahari kumwekea mgeni chai katika kikombe cha namna hiyo.

Katika vitongoji vya Waafrika, heshima ya nyumba ilionekana katika kitu kipya kinachong'aa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 samani iliyotamaniwa ilikuwa kabati kubwa la kugawanya chumba, lenye vioo, sehemu ya televisheni, sehemu ya glasi na droo za kitani, lililonunuliwa mara nyingi kwa mkopo wa kulipa kila mwezi. Mwenye kushindwa kulipa alifuatwa na gari la duka, majirani wakiona. Kwa familia iliyomaliza malipo ya kabati kama hilo, kulikwaruza kwa msasa ili lionekane la zamani lingekuwa jambo la kuitisha kikao cha ukoo.

Ni katika kizazi cha wajukuu ndipo mtazamo ulipobadilika. Vijana wabunifu wamelirudia kabati la bibi, kochi la miaka ya 1960 lenye miguu myembamba na redio ya mbao, na kuviweka kando ya vitu vya leo. Wao hawaigi nyumba ya mashambani ya Uingereza. Wanachotafuta ni sebule waliyoikumbuka, na kwa maoni ya wengi wanaofuatilia sanaa ya nyumba, hapo ndipo mtindo huu unapata maana yake ya kweli mjini Johannesburg.

Vyombo juu ya lori

Lakini si kila familia iliyoweza kuhifadhi kabati la bibi.

Tarehe 9 Februari 1955, askari polisi wapatao 2,000 walizingira Sophiatown, kitongoji cha magharibi mwa Johannesburg ambako Waafrika waliweza kumiliki viwanja. Familia zilipakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao na kupelekwa Meadowlands, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Soweto. Picha za siku zile zinaonyesha vitanda, meza, majiko na magodoro yakiwa yamerundikwa barabarani. Uhamisho uliendelea kwa miaka kadhaa, nyumba zikibomolewa nyuma ya waliokwisha kuondoka, kisha mahali hapo pakajengwa upya kwa ajili ya Wazungu na kuitwa Triomf, neno la Kiafrikana lenye maana ya ushindi. Jina la Sophiatown lilirejeshwa mwaka 2006.

Miongoni mwa waliopinga uhamisho huo alikuwa padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, alikuwa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanzania. Kanisa lake la Christ the King halikubomolewa. Nyumba ya daktari A. B. Xuma, aliyewahi kuwa rais wa chama cha ANC, nayo ilinusurika na sasa ni kituo cha urithi wa Sophiatown. Anayetaka kuona nyumba ya Mwafrika msomi wa miaka ya 1930 ilikuwa na ukubwa na mpangilio gani, huanzia hapo.

Pageview, mtaa ambao wenyeji waliuita Fietas, ulipata mkasa wa namna hiyo. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wa barabara ya 14 waliondolewa katika miaka ya 1970 chini ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, na serikali ikawajengea jengo la maduka la Oriental Plaza katika mtaa jirani wa Fordsburg. Hadi leo Oriental Plaza ni mahali pa kwanza ambapo wakazi wa Johannesburg hukimbilia kutafuta vitambaa vya mapazia na vya kuvika makochi. Mpambaji anayepimiwa mita sita za kitani cheupe huko anahudumiwa katika maduka yaliyozaliwa na kufukuzwa.

Historia hii inaeleza kwa nini vitu vya kale vinavyouzwa Johannesburg vimeelemea upande mmoja. Samani hudumu pale ambapo familia imekaa nyumba moja kwa vizazi. Aliyehamishwa kwa lori aliokoa kile alichoweza kubeba.

Mbao zisizostahili kupakwa rangi

Katika minada na maduka ya mitumba ya samani mjini humo, aina chache hujirudia. Kuna meza na makabati mazito ya imbuia, mbao nyeusi-kahawia kutoka Brazil iliyopendwa sana na watengenezaji wa Afrika Kusini kabla na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mara nyingi yakiwa na miguu iliyochongwa mfano wa ukucha ulioshika mpira. Kuna samani za mbao ya manjano ya mti wa jamii ya podo, ambao ni mti wa taifa la Afrika Kusini, na za mti uitwao kwa Kiafrikana stinkhout, ambao sasa unalindwa kisheria.

Na kuna kiaat. Jina hilo halimwambii kitu msomaji wa Tabora, lakini mti wenyewe ni mninga, ule ule wanaoupasua mafundi wa Tanzania kwa vitanda na milango. Kuuona mninga wa miaka 70 uliosuguliwa kwa nta, ukiwa na rangi ya asali iliyoiva, ni kuelewa kwa nini wajuzi hukunja uso wakisikia kwamba mtu ameupaka rangi nyeupe ya chaki.

Benchi za zamani za mashamba ya Makaburu ni mfano mwingine. Kiti chake husukwa kwa kanda za ngozi mbichi zilizopishanishwa juu ya fremu, kazi inayofanana sana na ya kitanda cha kamba cha pwani ya Afrika Mashariki. Kanda hizo zikikatika husukwa upya. Kuziondoa na kupigilia mbao mahali pake ni kuua benchi.

Kanuni inayofuatwa na mafundi wazoefu ni nyepesi. Rangi hupakwa juu ya mbao za bei nafuu, hasa msonobari na mbao za kubandika, ambazo tangu mwanzo zilitengenezwa zipakwe. Mbao ngumu zenye nyuzi nzuri husafishwa, hutiwa mafuta au nta, na kuachwa.

Uzee wa kweli na wa bandia

Kwa kuwa uchakavu una bei, wapo wanaoutengeneza. Hilo si kosa iwapo mnunuzi anaambiwa. Kosa ni kuuziwa sanduku la mwaka jana kwa bei ya sanduku la karne iliyopita, na wanaopenda vitu vya pwani ya Waswahili wamo hatarini zaidi, kwa sababu milango, viti na masanduku yenye misumari ya shaba huuzwa Johannesburg kwa jina la Zanzibar au Lamu hata pale yalipochongwa kwingine kabisa.

Uzee wa kweli una mahali pake. Mikono ya kiti huchakaa mbele, pale kiganja kinapokaa. Droo huliwa upande wa chini, kwenye njia inayoteleza. Miguu ya meza hugongwa na fagio na viatu karibu na sakafu, na mlango husuguka penye komeo. Samani iliyokwaruzwa sawasawa kila pembe, juu na chini, imechakazwa na msasa wa mtu mmoja kwa mchana mmoja. Mnunuzi mjuzi huivuta droo na kuitazama kwa nyuma, mahali ambapo muuzaji hakuhangaika. Mbao ya nyuma ya kabati la kale huwa imekauka na kuwa na rangi isiyo sawa, na maungio ya pembe yaliyokatwa kwa mkono hayalingani kikamilifu. Skrubu zinazong'aa zenye kichwa cha msalaba hutoboa siri mara moja, ingawa huenda ni za matengenezo ya baadaye.

Matundu madogo ya wadudu si ushahidi wa umri. Ni onyo. Iwapo unga mpya unadondoka chini ya tundu, mdudu bado yumo, naye hatosheki na kabati hilo peke yake wakati sakafu ya chumba ni ya mbao.

Namna kazi inavyofanywa

Mwenye kabati la msonobari lisilo na thamani kubwa anaweza kulibadilisha kwa gharama ndogo. Kwanza huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. Hupakwa rangi ya kwanza, kwa kawaida ya giza kama kijivu au buluu. Ikishakauka, kipande cha mshumaa husuguliwa kwenye pembe na mahali ambapo mkono ungepita, kisha rangi ya pili, nyeupe au ya maziwa, hupakwa juu ya yote. Pale penye nta rangi haishiki sawasawa. Msasa laini ukipitishwa hapo, rangi ya chini hujitokeza kana kwamba miaka imepita. Mwisho hupakwa nta safi ili kuulinda uso.

Wanaotumia mafuta ya kitani kwenye mbao tupu hukumbushwa kutandaza vitambaa walivyofutia hadi vikauke, au kuvilowesha maji. Kitambaa chenye mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kujiwasha moto chenyewe.

Weupe nao una adui wake mjini Johannesburg. Mwisho wa majira ya baridi, hasa mwezi Agosti, upepo mkavu hupuliza vumbi la manjano kutoka kwenye vilima vya taka za migodi. Wakazi wa kusini mwa mji wanalijua vumbi hilo kuliko mtu yeyote, nao huchagua mifuko ya makochi yenye rangi ya mchanga.

Vumbi lenye sumu

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haionekani. Kwa miongo mingi viwanda vya rangi duniani viliongeza madini ya risasi ili rangi ing'ae, ikauke upesi na istahimili hali ya hewa. Rangi hiyo ilipakwa kwenye kuta, madirisha, milango, vitanda vya watoto na samani za jikoni. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Kitabibu la Afrika Kusini wamekuta rangi ya aina hiyo katika nyumba za Johannesburg, na ilikuwa mwaka 2009 tu ndipo kanuni za nchi hiyo zilipoweka kikomo cha kisheria cha risasi katika rangi, sehemu 600 katika kila sehemu milioni.

Ukutani, ikiwa nzima, rangi hiyo haina madhara ya haraka. Inakuwa sumu inapobanduka au kusagwa. Na mtindo huu wa mapambo unasifu rangi inayobanduka, tena mbinu yake kuu ni msasa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye anayedhurika zaidi, kwa kuwa hutambaa sakafuni, hutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Madhara yake ni kwa ubongo, yaani kupungua kwa uwezo wa kujifunza na kubadilika kwa tabia, na hayaponi. Mama mjamzito huweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Kwa watu wazima huleta shinikizo la damu na maradhi ya figo.

Kwa hiyo dirisha la kale lililopakwa rangi lisitundikwe katika chumba cha mtoto kama pambo, na kitanda cha mtoto chenye rangi ya zamani isiyojulikana kisitumike hata kikipendeza namna gani. Samani iliyopakwa kabla ya kanuni hizo huchukuliwa kuwa na risasi hadi maabara ithibitishe vinginevyo. Isipigwe msasa mkavu, wala rangi yake isichomwe kwa moto, kwani mvuke wake huvutwa moja kwa moja mapafuni. Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha rangi iliyoshika na kuifunika kwa rangi mpya. Ikilazimu kusugua, hutumika msasa wa maji, nje ya nyumba, watoto na wajawazito wakiwa mbali, na mtendaji akiwa na barakoa inayozuia vumbi laini. Mabaki hufutwa kwa kitambaa kibichi. Fagio huyarusha hewani. Nguo za kazi hufuliwa peke yake.

Ushauri huo unamhusu vile vile fundi anayefanya kazi kando ya barabara kwa malipo ya siku, ambaye wengi wa wateja wake hawamwulizi amevaa nini puani.

Pa kununulia, na hewa ya nyanda za juu

Maduka ya vitu vya kale yametapakaa, lakini maeneo machache yanajulikana zaidi. Katika jengo la 44 Stanley, karibu na Milpark, karakana za viwanda za miaka ya 1930 ziligeuzwa kuwa maduka na migahawa. Victoria Yards, katika mtaa wa Lorentzville, ilikuwa dobi kubwa la mvuke mwanzoni mwa karne ya 20 na sasa ina karakana za wasanii na maseremala, ambako mteja humwona fundi akiwa kazini. Kramerville, kaskazini mwa mji, ni ya wenye mifuko mirefu. Mnada wa mirathi, yaani wa vyombo vya marehemu, ndio wenye bei za unyonge kuliko zote, na ndipo makabati ya imbuia ambayo hayaingii katika nyumba ndogo za siku hizi huondoka kwa fedha kidogo.

Anayehamia Johannesburg kutoka pwani na kuja na sanduku au kiti cha kwao hukabiliwa na jambo ambalo halimo katika orodha ya forodha. Mji huo uko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari, na majira yake ya baridi ni makavu kabisa. Mbao iliyozoea unyevu wa Mombasa au Unguja husinyaa huko, maungio hulegea, na ubao mpana huweza kupasuka kwa mlio unaosikika usiku. Mafundi hushauri kitu kama hicho kiwekwe mbali na jua la dirishani na mbali na hita, kipakwe nta pande zote pamoja na upande wa ndani, na kisiunganishwe kwa gundi hadi kimalize walau mwaka mmoja katika hewa hiyo.